Maumivu ya kiti cha baiskeli: dada, usiyavumilie kimya

Aliingia chumbani akakalia upande mmoja wa kiti, kama mtu aliyetoka kuchomwa sindano. Ni mama wa watoto wawili, na tangu mwaka jana hutoka na wenzake kila Jumamosi alfajiri kuendesha baiskeli ya barabarani kilomita 60 au 70. Ndani ya miezi minne alikuwa amemaliza dozi tatu za dawa, mbili za UTI na moja ya fangasi. Mkojo wake ulikuwa safi. Nilipomchunguza nilikuta shavu moja la uke limevimba na ngozi ya kinena imechubuka. Huko alikopita hakuna aliyemuuliza kuhusu baiskeli, naye aliona haya kuitaja.

Kama na wewe unashuka kwenye baiskeli ukiwa na ganzi au unaogopa kwenda haja ndogo kwa sababu ya mwasho, usikubali ukiambiwa kwamba utazoea. Makalio ya mwendeshaji mpya huuma wiki mbili tatu za mwanzo, kisha huzoea. Sehemu za mbele hazizoei.

Kalia benchi la mbao na uingize viganja chini ya makalio. Utahisi mifupa miwili migumu. Hiyo ndiyo inayotakiwa kubeba uzito wako. Msamba, mashavu ya uke na njia ya mkojo ni nyama laini iliyojaa mishipa ya damu na ya fahamu, haikuumbiwa kazi hiyo. Kiti kikiwa chembamba kuliko nafasi iliyopo kati ya mifupa, mifupa hukosa pa kutua na uzito hushukia katikati. Baiskeli ya barabarani huongeza tatizo, maana unapoinama kushika usukani nyonga nayo huinama, na mzigo husogea mbele.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kununua kiti kinene chenye sponji, au kuvalisha kile cha zamani mfuko wa jeli. Dukani ukikibonyeza kwa kidole unakipenda. Barabarani mifupa huzama ndani ya sponji, na sponji hupanda katikati ikabana palepale panapouma. Kwa safari ya sokoni hakina neno. Kwa saa mbili au tatu, kiti kigumu kiasi chenye upana wako ni bora.

Upana huo utaupima mwenyewe nyumbani. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, ukiweke juu ya kiti kigumu cha mbao. Ukalie ukiwa na nguo nyepesi, inama mbele kama umeshika usukani, nyanyua visigino kidogo, kaa hivyo kwa dakika moja. Ukinyanyuka utaona mashimo mawili. Pima kwa rula kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine, kisha ongeza kama sentimita 2. Aliyepata sentimita 12, kwa mfano, aanze kujaribu kiti chenye upana wa sentimita 14 hivi sehemu ya nyuma. Ni kweli kwamba nyonga za wanawake kwa wastani ni pana kuliko za wanaume, lakini wastani haukai kwenye baiskeli yako. Wapo wanawake wanaofaa kiti chembamba, kwa hiyo amini rula kuliko maandishi ya dukani yanayosema “cha kike”. Uwazi au mfereji wa katikati huwasaidia wengi, ingawa kwa wengine kingo zake ndizo zinazokata. Muombe muuzaji ukijaribu kwanza.

Kabla ya kutoa pesa, hata hivyo, mwite fundi arekebishe kile ulicho nacho. Kiti kikiwa juu mno, nyonga hucheza kulia na kushoto kila unapokanyaga pedeli, na ngozi husagika. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha mwinamo. Pua ya kiti isitazame juu. Anza na kiti kilicholala sawa kwa pima maji, ukibanwa mbele shusha pua kidogo sana, nyuzi 1 au 2, kisha ujaribu. Ukishusha mno utateleza mbele, na viganja na mabega ndivyo vitakavyolipa. Usukani ulio mbali nao hukuvuta kwenye pua ya kiti. Jambo hili lina uzito hata kwa mabingwa: mwaka 2016 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kililegeza kanuni yake na kuruhusu kiti kiinamishwe hadi nyuzi 9.

Ngozi nayo ina yake. Kaptula ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi ndani, maana mshono wa chupi ndio unaochubua. Ivue mara unapofika, iogee na kuifua, usiirudie kesho ikiwa na jasho. Usinyoe kwa wembe siku ya safari wala jana yake. Punguza kwa mkasi. Njiani, simama juu ya pedeli sekunde chache kila baada ya dakika kumi hivi, damu ipite.

Mzazi mwenye binti anayependa baiskeli, mpandishie kiti kila anapokua. Hofu ya bikira iweke kando, kwani hakuna daktari anayeweza kumtazama msichana na kujua kama amewahi kukutana na mwanamume. Akiangukia bomba la fremu akatoka damu au akashindwa kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima, njoo ukiona ganzi haijaisha hadi kesho yake, uvimbe wa upande mmoja usiopungua, jipu lenye homa, au damu kwenye mkojo. Uliyejifungua ukashonwa, usipande kabla kidonda hakijakaguliwa. Na ukifika kwa daktari, mwambie mapema, kabla hajashika kalamu, kwamba unaendesha baiskeli, na ni kilomita ngapi kwa wiki.