Hulka ya Mtoto Si Maradhi

Wako wazazi wanaodhani kuwa mtoto mkaidi au mwoga tayari ana ugonjwa wa akili. Sivyo. Mwaka 1956, madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuwafuatilia watoto 133 mjini New York, Marekani, tangu uchanga hadi utu uzima. Kiasi cha asilimia 40 walikuwa na hulka nyepesi, asilimia 10 hulka ngumu, na asilimia 15 walikuwa wazito wa kuzoea mambo mapya. Wenye hulka ngumu ndio waliopatwa zaidi na matatizo ya mwenendo yaliyohitaji daktari, lakini si wote. Kilichodhuru hasa ni kutopatana kwa hulka ya mtoto na matakwa ya wazazi na mazingira yake.

Jambo hili lawahusu askari. Mtoto si kuruta. Aliye mzito wa kuzoea huelemewa na uhamisho wa ghafla, na amri za gwaride hazimsaidii. Yafaa aelezwe mapema na kupewa muda. Ama kijana anayejitenga, asiyelala, au anayetaja kujiua, hana kosa la nidhamu: apelekwe hospitali bila kukawia.