Kupima Kiasi cha Gobore
Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti nyeusi, kizibo kinene, marisau, kisha kizibo chembamba. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliibana biashara ya bunduki za kisasa Afrika lakini ukayaachia magumegume (bunduki za kuwashwa kwa jiwe), na silaha za kushindilia zikaendelea kutumika.

Kanuni ya zamani ni ujazo sawa wa baruti na marisau, kwa kipimo kimoja. Wengi huamini kuzidisha baruti huongeza masafa. Mara nyingi huongeza teke la bega na kutawanya marisau tu. Ukweli huonekana kwenye karatasi pana iliyotundikwa mita 25 hivi: huchorwa duara la sentimita 75 pale matundu yaliposongamana, yakahesabiwa. Mapengo yakiwa makubwa, hupunguzwa baruti, si marisau. Kila kiasi hurudiwa, mtutu ukifutwa masizi kwanza. Baruti isiyo na moshi haitiwi kamwe, hupasua mtutu.

Gobore lililofuliwa kwa bomba la maji halifai hata kujaribiwa. Na katika kata ya Ibaba, wilayani Ileje, kama kwingineko Tanzania, sheria ya silaha ya 2015 hudai leseni.