Aliyechelewa Kuchimba Dawa

Basi la Tanga lilisimama mbele kidogo ya Mkata, konda akatangaza dakika tano za kuchimba dawa. Wanaume wakaingia vichaka vya upande huu, wanawake wakavuka barabara. Dereva alipopiga honi wote walikwisha kaa kwenye viti, isipokuwa mjomba wangu. Mzee wa miaka 71, kaupa mgongo msafara, mkono mmoja kashika mti. "Mzee, hiyo dawa unaichimba na mizizi yake?" konda akamtania. Abiria wakacheka. Mjomba akapanda akitabasamu. Baadaye ndiyo alituambia kwamba hakutoa hata tone.

Usiku ule mkojo ulifunga kabisa. Ilipofika saa nane tumbo la chini lilikuwa limevimba na kuwamba kama ngoma, na yeye hakai wala halali, anazunguka ua jasho likimtiririka. Jirani akashauri anywe maji mengi ili "yausukume" mkojo. Mwingine akasema hiyo ni ngiri, mizizi yake ipo. Tukampakia kwenye bajaji, tukaenda hospitali. "Mzee wangu, vuta pumzi ndefu, usikaze," muuguzi akamwambia, akapitisha mpira mwembamba uliopakwa jeli. Mfuko ukaanza kujaa: mililita 300, 700, ukasimama kwenye 1,100. Kabla hatujamaliza kuandikisha jina lake, mzee alikuwa anakoroma.

Ili uelewe kipimo hicho, kibofu cha mtu mzima huanza kukuita kikiwa na mililita 200 hivi, na kikifika 500 wengi wetu hatuvumilii. Mjomba alibeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Figo zake hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinachuja vizuri na kumimina kwenye chombo kisicho na pa kutokea, na maji ya jirani yangeongeza mateso tu.

Mlango ulibanwa na tezi dume. Tezi hii imekaa chini ya shingo ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake kama uzi kwenye ushanga. Kijana anayo ya gramu 20 hivi. Baada ya miaka 40 sehemu yake ya ndani huanza kukua taratibu, na kwa kuwa inakua kuelekea ndani, ushanga unaubana uzi wake wenyewe. Ukubwa peke yake hausemi yote: kuna tezi kubwa isiyosumbua na ndogo inayoziba. Mwanzoni kibofu hupambana, misuli yake hunenepa, mzee anaamka mara tatu au nne usiku, mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa kukatika na kuacha mabaki. Wengi hapo husema "ni uzee" na kupunguza maji ya kunywa. Mjomba alikuwa ameishi hivyo miaka miwili, na safarini alikuwa hanywi kitu. Shinikizo la mkojo uliobaki kibofuni likidumu, hurudi nyuma hadi kwenye figo na kuziharibu.

Lakini kwa nini usiku ule? Daktari aliuliza swali ambalo hakuna mmoja wetu aliyelifikiria: umemeza dawa gani leo? Mjomba akataja vidonge vya mafua alivyonunua stendi asubuhi. Vingi vya aina hiyo vina kemikali inayofungua pua kwa kukaza mishipa ya damu, na misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi dume hupokea amri hiyohiyo. Ndani ya kidonge hichohicho mara nyingi kuna dawa ya kukausha makamasi, nayo hulegeza msukumo wa kibofu. Mlango ukakazwa, msukumaji akalegezwa.

Tiba ya kwanza aliyopewa ni kinyume cha kidonge kile. Tamsulosini huzuia amri ya kukaza, misuli ya mlangoni inalegea, na nafuu huja ndani ya siku chache. Mtumiaji asimame polepole, kwani inaweza kumpa kizunguzungu.

Dawa ya pili ina historia ninayoipenda. Katika kijiji cha Las Salinas, Jamhuri ya Dominika, walikuwepo watoto waliozaliwa wakidhaniwa wasichana, wakifika balehe wanageuka wavulana. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza sababu: walikosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi. Ukubwani tezi zao dume zilibaki ndogo. Wataalamu wakatafuta kidonge cha kuzuia kimeng'enya hicho, na finasteridi ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992. Hupunguza tezi kwa robo hivi, ila inataka subira ya miezi sita au zaidi.

Dawa zikishindwa kuna upasuaji usiogusa tumbo: chombo chenye waya wa umeme hupitishwa kwenye njia ya mkojo na kuikwangua tezi kutoka ndani. Wanaume huuliza kwanza habari za nguvu. Kwa wengi hazipotei. Kinachobadilika mara nyingi ni kwamba shahawa hurudi kibofuni badala ya kutoka.

Na kile kipimo cha kidole kwenye njia ya haja kubwa, kinachochekesha vijiwe vyote? Kina sababu yake. Tezi kukua si saratani. Ukuaji wa kawaida huanzia ndani na kusumbua mapema, ilhali saratani kwa kawaida huanzia pembeni, mahali isipobana njia, ikakaa kimya miaka. Pembeni huko ndiko kidole kinakofika. Kuna kipimo cha damu pia, na anayetumia finasteridi amwambie daktari, kwa sababu dawa hiyo hushusha majibu karibu nusu.

Si kila mkojo uliofunga ni tezi. Kijana mwenye kovu la kisonono cha zamani anaweza kuzibwa, na mgonjwa wa kisukari ambaye neva zake za kibofu zimekufa mkojo unaweza kumfunga pia. Mwanamke naye hupatwa, baada ya uzazi mgumu au akiwa na uvimbe kwenye kizazi.

Basi msomaji, ukikesha mkojo hautoki na tumbo la chini limejaa, usinywe maji ya kusukuma, usisubiri kukuche, na ya ngiri yaache. Nenda penye mpira na mtu anayejua kuuweka. Ukifika, taja kila dawa uliyomeza siku hiyo, hata ile ya mafua ya stendi.