Intaneti ikizorota nyumbani, pima kwanza kabla ya kuongeza malipo

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi wadogo wa Nairobi na viunga vyake huendesha shughuli zao kwa intaneti ya faiba iliyofikishwa nyumbani. Mfugaji wa kuku hutuma picha kwa wateja, mwenye duka huagiza bidhaa, na kila mwaka walipa kodi hukimbizana na Juni 30 kujaza ritani katika iTax. Kasi ikishuka, kazi hulala.

Aliyejinunulia ruta, badala ya kutegemea kisanduku cha kampuni ya intaneti pekee, hukabiliwa na tatizo la ziada. Kampuni humwambia kosa ni la ruta, naye muuzaji husema kosa ni la kampuni. Mwishowe mteja huamua kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Hapo ndipo hasara huanzia, kwani fedha huongezwa kila mwezi bila kujua kasi inapotelea wapi.

Megabiti si megabaiti

Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta mara nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 huleta takriban megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili ya megabaiti 150 huchukua kama dakika moja. Anayeona 2.5 hajaibiwa.

Vipimo vinne

Njia ya uhakika ni kupima hatua kwa hatua, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Kwanza, kompyuta iunganishwe kwa waya na kisanduku cha kampuni. Pili, iunganishwe kwa waya na ruta iliyonunuliwa. Tatu, ipimwe kwa Wi-Fi karibu na ruta hiyo. Nne, ipimwe kwa Wi-Fi katika chumba cha mbali. Vipimo hivyo virudiwe asubuhi na usiku, na kuandikwa daftarini kama mfugaji anavyoandika lita za maziwa. Pale kasi inaposhuka ghafla ndipo penye kasoro.

Ikiwa iko chini tangu kipimo cha kwanza, ruta haina hatia. Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilipunguza kasi Afrika Mashariki. Hakuna ruta ambayo ingesaidia. Mteja apige simu kwa kampuni akiwa na tarakimu zake mkononi.

Kasi ikishukia kwenye ruta

Chanzo cha kawaida ni matundu ya waya ya ruta za bei nafuu, ambayo mengi hayapitishi zaidi ya megabiti 100. Anayelipia megabiti 200 hupoteza nusu ya alichonunua. Waya nao huchangia: ndani yake mna nyuzi nane, na kasi ya gigabiti huzihitaji zote. Mmoja ukikatika, kasi yaweza kurudi megabiti 100 au chini yake. Kubadilisha waya ni jaribio la bei ndogo kuliko yote.

Pia ruta nyingine hulemewa zinapokagua au kugawa kasi kwa kila kifaa. Mipangilio hiyo izimwe kwa muda, programu ya ruta isasishwe, kisha kipimo kirudiwe. Iwapo kisanduku cha kampuni nacho kinafanya kazi ya ruta, kampuni iombwe kukiweka kipitishe intaneti tu, kwa sababu ruta mbili zinazofuatana huweza kuvuruga kamera za ulinzi na simu za video.

Kasi ikishukia kwenye Wi-Fi

Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini husongamana, hasa katika nyumba za ghorofa. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi ila hudhoofishwa sana na kuta. Penye msongamano, chaneli 1, 6 au 11 ndizo zisizoingiliana katika gigahezi 2.4. Wi-Fi ya kisanduku cha kampuni izimwe kama haitumiki. Ruta iwekwe juu na katikati ya nyumba, mbali na mabati, friji na tangi la maji. Mahali pasipohama, kama kaunta ya duka, waya ni bora.

Kabla ya kununua

Mnunuzi aiulize kampuni kama inaruhusu ruta ya nje, na aandike jina la mtumiaji, nenosiri na namba zozote za mpangilio zinazohitajika. Kisha ahakikishe matundu ya ruta ni ya gigabiti, na aulize dukani kama anaweza kuirudisha.

Rahisi huweza kuwa ghali. Hata hivyo, ruta hununuliwa mara moja, ilhali kifurushi hulipiwa mara 12 kwa mwaka. Anayepima kwanza hujua ni gharama ipi kati ya hizo mbili inayostahili kuongezwa, na mara nyingine hugundua kuwa alihitaji waya mpya tu.