Vijana Waende Makao ya Wazee, Lakini Waende na Mikono Safi

Shule zikifungwa wazazi wengi hujiuliza vijana wao wafanye nini ili wasishinde vijiweni au mbele ya televisheni. Jibu moja liko karibu na parokia zetu nyingi, nalo ni makao ya wazee, ya wagonjwa wasio na ndugu na ya watoto yatima. Kazi hii si ngeni kwetu. Mtakatifu Teresa wa Calcutta alipoleta masista wake, Wamisionari wa Upendo, barani Afrika, nyumba yao ya kwanza waliifungua Tabora, mwaka 1968.

Wanafunzi wa Kipaimara, TYCS na VIWAWA ni wageni wa kawaida katika nyumba za namna hii, hasa wakati wa Kwaresima na Noeli. Hufika basi zima, huimba, hugawa soda na biskuti, hupiga picha, kisha huondoka hadi mwaka unaofuata. Furaha hiyo si mbaya. Lakini basi likishaondoka, mhudumu hubaki na shuka zilezile za kufua, na babu yuleyule asiyeweza kujigeuza kitandani. Sisi tunaona kwamba kijana mmoja anayekuja kila Jumamosi kwa saa mbili ana faida kubwa kuliko vijana sitini wanaokuja mara moja.

Tumtazame huyo babu. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wa mwili hubana ngozi kati ya mfupa na godoro, na damu haipiti vizuri. Ngozi huanza kufa, hasa kwenye makalio, nyonga, visigino na vifundo vya miguu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Pengine sehemu hiyo huwa nyeusi zaidi, au ukiigusa ni ya moto au ngumu kuliko sehemu za jirani. Ikiachwa hufunguka kidonda, na kidonda hicho kinaweza kufika hadi mfupani na kumwua mgonjwa. Kinga yake haihitaji dawa ya bei kubwa. Mgonjwa hugeuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa mbili hivi, shuka hunyooshwa zisiwe na mikunjo, na aliyejikojolea hubadilishwa nguo mapema. Hapo ndipo mikono ya kijana inapohitajika. Amgeuze mgonjwa pamoja na mhudumu, wakimwinua kwa shuka bila kumburuta, maana kuburuta huchubua ngozi. Akiona alama tulizozitaja asiisugue sehemu hiyo hata kwa mafuta, bali amwite mhudumu. Mabinti wawasaidie akina bibi na wavulana akina babu, na pazia lifungwe; mzee hajaacha kuona haya kwa sababu tu ni mgonjwa.

Kazi ya pili ni kulisha na kunywesha. Wazee wengi hawasikii kiu kama zamani, hivyo kikombe cha maji kinachoachwa mezani hubaki kimejaa hadi jioni. Kijana aketi, ampe kidogo kidogo. Mgonjwa asilishwe akiwa amelala chali, kwani chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Aketishwe wima, apewe kijiko kidogo, angojewe ameze kabla ya kijiko kingine, na baada ya kula abaki ameketi kama nusu saa. Kazi hii haitaki haraka, na kwa sababu hiyo wahudumu wachache wenye wagonjwa wengi hushindwa kuifanya kama wanavyotaka.

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba mtoto wao ataambukizwa. Ukimwi hauambukizwi kwa kushikana mikono, kukumbatiana wala kula pamoja. Hata hivyo virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini hukaa katika damu, kwa hiyo wembe wa kunyolea uwe wa mtu mmoja tu, na kijana asiguse sindano, damu wala vidonda. Hiyo ni kazi ya muuguzi mwenye glavu. Vivyo hivyo asikate kucha za miguu za mwenye kisukari, kwa sababu jeraha dogo kwake huweza kukataa kupona. Kwa upele, amwulize mhudumu kabla ya kulala au kuketi kitandani mwa mgonjwa.

Mara nyingi hatari inatoka upande wetu. Mafua ambayo kwa kijana ni ya siku tatu yanaweza kumwua mzee au mtoto mchanga. Mwenye mafua, homa au kuharisha abaki nyumbani, na mwenye kikohozi kilichofika wiki mbili aende kwanza zahanati apimwe kifua kikuu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka wakati wa kuingia, kati ya mgonjwa na mgonjwa, na wakati wa kutoka.

Kwa watoto yatima tunasema jambo moja. Mtoto mdogo aliyezoea kubebwa na wageni wanaotoweka huumia kila wanapoondoka. Kijana asiahidi kurudi kama hatarudi. Awasaidie wakubwa masomo, acheze nao uwanjani mbele ya watu, asikae na mtoto peke yake chumbani, na asipige picha bila ruhusa ya msimamizi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo vijana wetu wengi nao wanahitaji mtu mzima wa parokia wa kuwaangalia.

Kuhusu zawadi, mwulizeni kwanza sista. Soda na biskuti humdhuru mwenye kisukari, na chumvi nyingi haimfai mwenye shinikizo la damu. Mara nyingi mtaambiwa sabuni, unga wa uji, mafuta ya kupaka, au kanga kuukuu zilizolainika.

Kijana akirudi nyumbani kimya, mama au baba amwulize ameona nini. Pengine bibi aliyemlisha Jumamosi iliyopita amefariki, na kitanda chake tayari kina mtu mwingine. Asikilizwe, na bibi huyo atajwe katika sala za jumuiya.

Anayetaka kuanza amwone kwanza mlezi wa vijana parokiani, ili siku na saa zipangwe na makao yenyewe. Aende na viatu vya kufunika vidole, kucha fupi, nguo isiyoogopa kufuliwa, na kipande cha sabuni. Akifika aamkie kwanza, aulize jina la mzee, na alikumbuke wiki inayofuata.