Haki ya Mnyama Katika Shamba la Muislamu

Jamaa zetu walimao upande wa bara, karibu na Hifadhi ya Dodori iliyotangazwa mwaka 1976, hukesha wakilinda mahindi na ufuta dhidi ya nyati na tumbili. Hatuudharau uchungu wa mkulima aliyeamka akakuta jasho lake limeliwa, kwani chakula cha watoto hutoka humo.

Hata hivyo, sumu si dawa. Haimchagui mkosaji: humuua tumbili, kisha mwewe aliyemla, na mvua huisukuma hadi kisimani tutekako maji ya udhu.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kila kiliwacho na mtu, ndege au mnyama huandikwa kuwa sadaka yake. Mafundisho haya hayamkatazi mtu kulinda mali yake. Fiqhi yetu ya Kishafii yasema mnyama mshambuliaji azuiwe kwa njia iliyo nyepesi kwanza: kelele kabla ya fimbo, ua kabla ya silaha.

Tena, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imempa mkulima haki ya kudai fidia ya mazao yaliyoharibiwa na baadhi ya wanyama, tembo na nyati wakiwemo. Fidia huchelewa, lakini asiyeripoti hana la kudai.

Nanyi akina mama, mwana akimlenga ndege kwa manati kwa mchezo tu, mkatazeni. Huruma ya shambani huanzia uani.