Kuhifadhi na Kuivisha Maembe Nyumbani

Msimu wa maembe ufikapo, mwenye nyumba wa Awasi, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kericho, huweza kununua kikapu kizima kwa bei nafuu. Lakini mara nyingi, baada ya siku chache, nusu ya maembe hayo yameoza, na nusu nyingine bado ni magumu kama mawe. Hasara hiyo yaweza kuepukwa. Tena iko hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya afya.

Kwanza, yafaa kulijua embe lililokomaa. Lililochumwa kabla ya kukomaa haliivi vema hata likingojewa sana. Husinyaa tu na kubaki chachu. Lililokomaa hujulikana kwa mabega yake, ambayo yamejaa na kuinuka kupita pale kikonyo kinaposhikia. Msidanganywe na rangi, kwa maana aina iitwayo Tommy Atkins huwa nyekundu hata kabla ya kuiva. Chumeni embe pamoja na kikonyo chake, kisha ligeuzwe kichwa chini mpaka utomvu umalize kutoka, kwa kuwa utomvu huo huunguza ganda.

Pili, jueni sababu ya kuiva. Embe lililokomaa hutoa lenyewe hewa iitwayo ethilini, isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo iharakishayo uivaji: wanga hugeuka sukari, na nyama hulainika. Basi kazi yetu ni kuizuia hewa hiyo isipotee upesi. Tandikeni majani makavu au karatasi safi katika kikapu, pangeni maembe kwa safu moja au mbili, wekeni kati yake ndizi mbivu moja, kisha funikeni kwa gunia safi. Msiyafunge katika mfuko wa plastiki, maana jasho la matunda hubaki ndani na kuleta uozo.

Joto lifaalo ni kama digrii 20 hadi 25 za Selsiasi. Katika uwanda wa Kano nyumba ya mabati huzidi hapo wakati wa mchana. Kwa hiyo kikapu kikae kivulini, mbali na ukuta upigwao na jua. Kagueni kila asubuhi, na lililooza litolewe mara moja. Embe bichi lisitiwe katika friji, kwani baridi kali hulidhuru lisiive vizuri. Lililokwisha kuiva ndilo liwezalo kukaa humo siku kadhaa.

Sasa twaja kwenye hatari. Wako watu waivishao matunda kwa kabaidi, kitu kitumiwacho na mafundi wa kuchomea vyuma. Ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo hulifanya ganda libadilike rangi upesi. Lakini kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu; tena gesi yake hushika moto kwa urahisi. Msiiingize nyumbani kamwe, hasa penye watoto. Embe lenye rangi nzuri nje, lakini gumu na lisilo na harufu, litiliwe shaka. Na kila embe lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa.

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Mwenye kungoja siku chache kwa kikapu na ndizi moja atakula embe tamu, na jamaa zake watabaki salama.